Jasho la Mzee Elphège

Kutu ile ilikuwa upande usiofaa.

Verlin Guidroz aliichunguza bastola chini ya taa ya dukani. Aliivaa kila siku nyonga ya kulia, ndani ya suruali, kwa hiyo upande wa kushoto wa chuma ndio uliolalia mwili wake na kunywa jasho lake. Kama kutu ingekuja, ingekuja huko. Lakini upande wa kushoto ulikuwa safi. Doa lilikuwa kulia, upande unaotazama nje, juu kidogo ya mpini wa mbao. Lilikuwa dogo na la mviringo, rangi yake kama chai ya rangi.

Alilisugua kwa kitambaa chenye mafuta, likatoka. Hakumwambia mkewe.

Ilikuwa Agosti, na huko Bayou Cannes mwezi huo watu hawakauki. Maji ya bayou, mkono wa mto usio na mkondo, yalilala kando ya duka bila kwenda popote, na hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililotolewa majini. Verlin aliuza chambo, barafu na mafuta ya mashua, peke yake, mwisho wa barabara. Aline, mkewe, ndiye aliyeshikilia avae bastola hiyo, iliyokuwa ya marehemu baba yake Aline, tangu walipomzika mzee majira ya kuchipua.

Verlin hakuwa mzembe. Kila jioni alitoa risasi, akafuta chuma chote, akapaka nta nyembamba. Hakuilaza kwenye mkoba wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu kama sifongo. Kati ya mwili na chuma aliweka fulana nzito. Hata hivyo, asubuhi iliyofuata doa lilikuwa limerudi, na sasa lilikuwa na mistari midogo ndani yake, iliyozunguka kama mawimbi ya jiwe lililotupwa dimbwini.

Akaipeleka kwa Curley, fundi wa bunduki, aliyefanya kazi kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake.

"Mla mchele kaja," Curley alisema bila kuinua kichwa. Verlin alizaliwa kaskazini, kwenye mashamba ya mpunga, na hapa bayou hawakumwacha asahau hilo. "Umejifunza kuogelea, au bado unaoga kwa kikombe?"

"Tazama hii, Curley."

Curley aliitazama. Aliweka miwani, akaitazama tena, na mzaha ukamtoka usoni.

"Nani mwingine anaishika?"

"Hakuna. Aline haigusi."

"Hili ni dole gumba," Curley alisema polepole. "Na limekaa kulia. Anayeshika kwa mkono wa kulia, gumba lake linakaa kushoto. Huyu ni mtu wa mkono wa kushoto." Akaiweka mezani, akafuta vidole vyake kwenye suruali. "Wapo watu ambao jasho lao linakula chuma, Verlin. Wakigusa kisu leo, kesho kina alama yao. Katika maisha yangu nimemjua mmoja tu. Nilikuwa simruhusu kushika kitu humu mpaka avae glavu."

Hakutaja jina. Verlin alilijua. Mzee Elphège Savoie, baba mkwe wake, hakuna mtu wa bayou aliyekubali kumwazima hata nyundo. Na alikuwa akitumia mkono wa kushoto.

"Yuko kaburini," Verlin alisema.

"Najua. Nililibeba jeneza." Curley akageuza bastola. Upande wa pili, chini ya silinda, palikuwa na mstari mwembamba ambao Verlin hakuuona asubuhi. Ulikuwa kidole cha shahada, kimenyooka, kinaelekea kwenye kifyatulio. "Iache hapa. Nitaifungia kwenye sefu." Verlin akaiacha.

Jioni Verlin alimweleza Aline. Alikuwa akikoroga mchuzi wa gumbo jikoni, na mwiko ukasimama.

"Baba hakukupenda," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hakuwa muuaji."

"Alisema nini pale hospitali, Aline? Ulikuwepo."

Aline hakugeuka. "Alisema hutazeeka kwenye kiti chake."

Kiti kilikuwa barazani. Wote wawili waliacha kukitazama.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, Verlin alikuwa akimpimia mteja kamba wa chambo, na alipoinama kuchota barafu alihisi kitu kikimlemea nyonga ya kulia, kitu chenye uzito alioujua kuliko uzito wa funguo zake mwenyewe, na kabla hajakigusa alisikia harufu, harufu ya chumvi na chuma na tumbaku ya kutafuna, ile ile iliyokuwa ikiingia mlangoni kabla ya mzee mwenyewe kuingia. Mteja alichukua mfuko wake akaenda zake. Verlin alipandisha shati. Mkoba wake wa turubai ulikuwa mtupu alipouvaa asubuhi. Aliuvaa kwa mazoea tu. Sasa bastola ilikuwa ndani, na ilikuwa ya moto kama kitu kilichoshikwa muda mrefu, na kutoka kwenye mpini jasho lilikuwa likitiririka, tone baada ya tone, likipita pajani mwake hadi kwenye kiatu, ingawa fulana yake upande ule ilikuwa kavu. Aliitoa kwa vidole viwili. Alama ya kidole cha shahada ilikuwa imejikunja. Ncha yake ilikuwa imeufikia ukingo wa kifyatulio.

Risasi zilikuwamo. Hakuziweka yeye.

Alizitoa zote, akafunga duka, akampigia Aline simu.

"Nenda kwa Nanan Ozite," Aline alisema. "Nenda sasa hivi. Hawezi kuvuka maji kuja kwetu, unajua. Mpelekee kaa wachache. Na Verlin, usimshukuru."

"Najua."

"Najua unajua. Nasema tu. Wewe una adabu sana."

Nanan Ozite alikuwa ametibu watu wa bayou ile tangu Aline akiwa mchanga. Tabibu wa aina yake, anayeponya kwa sala, havuki maji, haombi malipo, wala haambiwi asante. Ukimshukuru, umeifuta kazi yake, na hawezi kuirudia. Watoto hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusali.

Verlin aliacha risasi kwenye kijisanduku cha pikapu, akabisha hodi na kofia mkononi. Kikongwe alikuwa mdogo kama mtoto wa shule. Aliitazama bastola, akatandika kitambaa cha meza cha plastiki.

"Iweke hapo. Elphège huyo," alisema, kama anayemwona jirani akipita. "Hata kwenye ubatizo alichelewa."

Akachukua uzi, akaanza kuufunga mafundo, na kwa kila fundo alinong'ona Kifaransa cha zamani, pumzi yake ikigusa chuma. Chuma kikaanza kutoa jasho. Kwanza lilikuwa ukungu, kisha matone, kisha likamwagika mezani likiwa na rangi ya kutu, likafika ukingoni, likadondoka sakafuni kwa sauti ya nyayo za mtu asiye na haraka, na harufu ya tumbaku ikajaa chumba hata Verlin akaziba pua, huku zile alama zikififia moja baada ya nyingine, gumba, kiganja, na mwishoni kidole kile, kilichoachia taratibu sana, kama kinachong'olewa.

Kisha ikawa kimya. Chuma kilikuwa kikavu, cheusi na kizuri.

"Ametoka kwenye chuma," Nanan alisema, akihema. "Hajaenda mbali. Anatafuta mlango. Ukishatoka kwenye geti langu bila kulisema lile neno, hana pa kuingia. Umenielewa, mwanangu?"

Verlin aliitikia kwa kichwa. Hakuthubutu kufungua kinywa. Aliweka mfuko wa kaa kando ya jiko, akachukua bastola, akashuka ngazi za baraza. Machozi yalimlenga kwa jinsi mwili ulivyokuwa mwepesi. Geti lilikuwa mbele yake tu.

"Mwanangu, kofia yako."

Kikongwe alikuwa amemfuata nayo. Verlin aligeuka, akanyoosha mkono.

"Asante, Nanan."

Kofia ilikuwa bado kati yao, wameishika wote wawili. Nanan Ozite aliiachia. Aliutazama mkono ulioipokea, akafanya ishara ya msalaba, akarudi ndani, na Verlin akasikia komeo.

Ndipo naye alipoutazama. Alikuwa ameipokea kwa mkono wa kushoto.

Aliendesha gari polepole, kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa umelala pajani, na ulikuwa unatoka jasho, jasho jingi lililolowesha suruali, na alipojaribu kukunja vidole havikumsikia. Njiani viliamka vyenyewe. Vilifungua kijisanduku. Vilipapasa risasi kwa ustadi ambao Verlin hakuwa nao, vikafungua silinda ya bastola iliyokuwa mapajani mwake, vikaanza kuzitia mahali pake, naye akaendesha mbele kwa sababu hakujua angesimama wapi wala angemwita nani.

Aline alishuka barazani alipoona gari. Alikuta mumewe amefunga breki katikati ya uwanja, mkono wa kulia umeukaba kwenye kifundo ule wa kushoto ulioshika bastola, jasho likidondoka kutoka katikati ya vidole. Kwenye chuma, kila kidole kilipogusa, kutu ilikuwa tayari.

"Rudi ndani, Aline," Verlin alinong'ona. "Siwezi kuuzuia."

Aline hakurudi. Aliinama dirishani. Hakuwa akizungumza na mumewe, na sauti aliyotumia hakuwa ameitumia tangu utotoni.

"Baba," alisema. "Weka chini. Tafadhali, Baba."

Mkono ulisita. Ulijinasua kwenye vidole vya Verlin bila shida, ukaiacha bastola mapajani, na Aline akavuta pumzi. Kisha ukajifuta kwenye suruali, kiganja kwanza, halafu mgongo wa mkono, taratibu, kama baba yake alivyokuwa akiufuta kila mara kabla ya kulenga.