Chandarua Juu ya Bwawa

Eliane ana bustani ndogo pale Kashojwa, katika kambi ya Nakivale. Anapanda mboga za lengalenga, vitunguu na nyanya. Jua la huku halina huruma. Kwa hiyo yeye na mume wake, Parfait, walichimba bwawa dogo la kumwagilia, wakatandika turubai chini. Mvua ikanyesha, bwawa likajaa.

Vyura nao wakaja. Nani aliwaalika? Chura haombi ruhusa. Walitaga mayai, na baada ya siku chache maji yakajaa vitoto vyeusi vyenye mikia.

Jirani wa Eliane, Mama Inès, alisimama uani, mikono kiunoni.

"Mama Benitha, unaona bile bidudu? Ni malaria ile. Bachura banaleta homa."

Eliane aliogopa. Ana mtoto mmoja tu, Benitha, wa miaka minne. Jioni ile alitoa chandarua kitandani kwa Benitha, akakitandaza juu ya bwawa, akakibana kwa mawe. Vyura wasipate tena fasi ya kutaga. Alijiona amefanya jambo la akili. Haya.

Wiki kadhaa baadaye, Benitha aliamka mwili unawaka. Alikataa uji. Alitapika. Parfait alikuwa amekwenda Mbarara kununua mbegu. Badala ya kumbeba mtoto kwenda zahanati, Eliane alichukua dumu la oili chafu ya mashine ya kusaga. Alikwenda nalo bwawani kwa hasira.

"Mama Benitha, ngoja kwanza."

Aliyemwita ni Ancilla, Mrundi, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba.

"Acha nibamalize, dada. Bachura banaua mutoto wangu."

"Oili hiyo itaua na mboga zako. Mtoto yuko wapi?"

"Ndani. Anatapika. Hata maji hanywi."

Ancilla aliingia mbio. Benitha alikuwa amelegea, macho hayajafunguka vizuri.

"Weka dumu chini," alisema Ancilla. "Mtoto asiyeweza kunywa hangoji. Twende sasa hivi."

Walipanda pikipiki. Njiani Eliane alimwita mtoto wake kwa jina kila mara. Mara Benitha aliitikia, mara alinyamaza. Aliponyamaza, Eliane alimwita tena kwa sauti zaidi.

Zahanatini walipima damu yake. Ilikuwa malaria kali. Benitha akachomwa sindano, na mama yake akakaa pembeni akishika mguu wake mdogo. Alasiri, mtoto alifungua macho akaomba maji. Hapo Eliane akalia.

Ancilla alimwacha alie. Kisha akasema, "Chura haleti malaria. Anayeleta ni mbu, anapomuuma mtu usiku. Wale weusi wenye mikia ni watoto wa chura. Wakikua watakula wadudu, hata mbu."

"Basi bwawa halina mbu?"

"Anaweza kuwemo, hasa penye nyasi pembeni. Usimwachie chura kazi yote. Kata hizo nyasi. Maji yaliyolala kwenye makopo na madumu mabovu, yamwage. Homa ikianza, njoo upime siku hiyo hiyo. Na kila usiku, chandarua. Cha Benitha kiko wapi?"

"Kiko juu ya bwawa," alisema Eliane kwa sauti ndogo. "Nilifunika bachura."

"Basi, dada yangu," alisema Ancilla, "vyura walilala kwenye chandarua, mtoto akalala nje."

Maneno hayo yalimchoma Eliane kuliko matusi.

Waliporudi nyumbani, alikitoa chandarua bwawani yeye mwenyewe. Alikifua mbali na bwawa, kama Ancilla alivyomwambia, maana dawa ya mbu iliyotiwa kwenye chandarua huua na watoto wa chura. Alikianika kivulini, akashona matundu yote. Alikata nyasi. Mama Inès naye, aliposikia maneno ya Ancilla, akamwaga maji ya dumu bovu lililokuwa nyuma ya nyumba yake.

Parfait alirudi na mbegu, akaliona dumu la oili kando ya bwawa. Asubuhi alisikia vyura wanalia bwawani.

"Hukubaua?"

"Hapana. Bakae kwao. Mutoto naye alale fasi yake."

Parfait alichungulia ndani. Benitha alikuwa amekaa ndani ya chandarua, uso umekunjamana kwa hasira.

"Mama," aliita, "uji wangu uko wapi?"