Shukrani Iliyomponza Papa Mugisho

Kila asubuhi Ignace alishuka hadi kwenye redio ndogo ya Ibanda, mtaa wa Bukavu alikokuwa mtangazaji, kinasa sauti begani. Mwaka huo wa 1999 waasi ndio waliotawala Bukavu, na mtangazaji alipima maneno kabla ya kufungua kinywa. Ignace alijiona hodari wa kupima. Alipotangaza kwamba askari wao wamepora ng'ombe katika kijiji cha Nyantende, ndani ya habari hakumtaja mkulima aliyemweleza.

Siku mbili baadaye askari walikwenda moja kwa moja kwa mkulima huyo, Papa Mugisho. Mzee alichomokea nyuma, akapotelea migombani. Nyumba yake ikachomwa, na hakuna aliyejua kama yu hai.

Ignace akakosa raha. Nani alimuuza mzee? Safari yake ya Nyantende waliijua watu wawili tu, yeye na Cyprien, fundi wa mitambo. Na Cyprien, je, hakuonekana akinywa bia na askari? Kikulacho ki nguoni mwako. Ignace akaanza kufunga droo yake kwa ufunguo. Cyprien akiingia, yeye hutoka. Hata mkewe, Rosette, alikatazwa kumsalimu mke wa Cyprien kanisani.

Rosette akachoka na mambo hayo. Akamwita jirani yao, Maman Valérie, aliyefanya kazi ya habari miaka ishirini. Mama huyo alisikiliza shutuma zote, kisha akaomba kaseti ya kipindi. Wakaisikiliza pamoja. Habari yenyewe ilikuwa safi. Ila mwishoni mwa kipindi Ignace, kwa sauti yake tamu, alimshukuru Papa Mugisho wa Nyantende kwa ugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Maman Valérie akazima redio kaseti.

"Ni weye uliwaonyesha nyumba," alisema.

"Lakini maman, nilikula kwake. Mutu anakula kwa watu, anaenda bila kusema aksanti?"

"Aksanti unamupatia palepale kwake. Mu redio, hapana. Askari nao wanasikiliza, tena kuliko watu wote."

Ignace aliona aibu hadi machozi yakamtoka. Maman Valérie hakumbembeleza, alimfundisha. Umuulize mtu kwanza anakubali nini kisemwe. Usitaje jina lake, wala kijiji chake kama ni kidogo, wala usirushe sauti yake. Daftarini uandike alama tu, na maana yake ikae kichwani mwako.

Kesho yake Ignace alimwomba Cyprien msamaha. Kumbe askari aliyekunywa bia na Cyprien alikuwa shemeji yake tu. Cyprien akamtazama sana.

"Mie nilizania ni weye ulimuuza," alisema. "Nilikuwa naogopa hata kuongea mbele yako."

Papa Mugisho alipatikana mzima kwa dada yake. Ila alikataa kuonana na Ignace, na hapo hatuwezi kumlaumu.

Miezi mitatu ikapita. Ignace akatangaza kwamba wanawake wanapigwa kwenye kizuizi cha askari, njia iendayo kijiji cha Miti. Askari walimkamata, wakapekua daftari lake, wakakuta viduara na misalaba. Kutwa nzima walimuuliza ni nani aliyesema. Alirudi jioni mdomo umevimba, lakini hakuwa ametaja mtu.

Asubuhi iliyofuata, mama aliyempa habari ile alipita kizuizini na kikapu chake cha maharage. Askari wakamtazama, wakamwacha aende zake.