Folda ya Tatu

Kila Jumamosi asubuhi Kidomo alifagia duka la shangazi yake la kuchapa barua, kisha akawasha kompyuta. Ilikuwa kuukuu hasa: ungechemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, nayo bado inakohoa tu.

Jumamosi hiyo mambo yalikuwa moto. Saa nne kamati ya shule ingekutana, na darasa la sita lilitaka kuipelekea barua kuhusu vyoo vya wasichana visivyo na milango. Kidomo ndiye aliyeichapa. Sasa barua haionekani.

"Umemwogopa mwalimu mkuu, ukaifuta!" alifoka kiranja wa darasa, aliyekuja dukani kuichukua.

"Niogope, mimi? Nimetafuta kompyuta nzima. Haimo!"

Shangazi akainama kwenye kioo cha kompyuta. Kidomo alikuwa ameandika amri ya kutafuta kila faili yenye neno "vyoo".

"Na hiki kipande cha mwisho?"

"Cha kuruka folda zisizo na maana, shangazi. Wewe ndiye uliyenifundisha, tusikeshe tukisubiri."

"Nilikufundisha kuruka mbili: nakala za zamani na mafaili ya mfumo. Mbona naona tatu?"

Kidomo akaisoma tena amri yake. Ya tatu ilikuwa ya michezo, aliyokatazwa; aliiruka isije ikajitokeza mbele ya watu. Akakumbuka: juzi, akicheza huku anachapa, alisikia viatu vya shangazi mlangoni, akahifadhi barua bila kuangalia inaingia wapi. Angenyamaza, siri ingebaki salama. Lakini milango je?

"Ni michezo yangu," alisema, kidevu juu. "Niadhibu, shangazi, ila baadaye. Kwanza barua!"

Akalifuta jina la ile folda ya tatu kwenye amri, akabonyeza. Mashine ikakohoa, ikatema mstari mmoja. Barua ilikuwa imejibanza katikati ya michezo ya mbio za magari.

Walikimbia nayo shuleni.

"Rudini Jumatatu," mwalimu mkuu aliwaambia.

Kidomo akaketi mlangoni pa chumba cha mkutano, miguu kaikunja. "Tunangoja hapa hapa, mwalimu. Wanakamati wakitaka kutoka, waturuke."

Kamati iliisoma. Kabla ya saa sita seremala alishaitwa kupima milango.

Dukani, shangazi alikuwa amekwisha kufuta michezo yote. "Wiki mbili hugusi kompyuta," alisema.

"Sawa, shangazi."

"Si kwa kucheza tu. Kuruka mahali si kosa, mwanangu. Kosa ni kuruka, halafu ukaapa kwamba umetafuta kote."