Si Maji, Si Mkono wa Baba

Bibi Marta aliamka mapema kama kawaida yake. Alikama ng'ombe, akachemsha maziwa, akabandika ndizi. Nyumba yake iko kwenye mteremko wa Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa. Mjukuu wake Prisca, mwenye miaka sita, alikaa kwenye kigoda akisubiri chakula.

Prisca hakuja kwa likizo. Bibi alimchukua kwa nguvu kutoka kwa baba yake, Abdiel, fundi seremala wa Levolosi, mjini Arusha. Mtoto alikuwa amevunjika mkono mara mbili na mguu mara moja. Kila mara wazazi walisema, "Ameanguka tu." Nani angeamini? Watoto wote huanguka, wakainuka wakakimbia.

"Huyo mkwe wako ana mkono mzito," majirani walimwambia Bibi. "Lisemwalo lipo."

Bibi naye akalibeba neno hilo. Alilisema bombani, akalisema hata kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Abdiel aliapa kwamba hajawahi kumpiga mwanawe. Esther, mke wake na binti wa Bibi, alilia. Bibi hakusikia la mtu.

"Mtoto atakaa kwangu," alimwambia Abdiel. "Na wewe usikanyage kwangu."

Sasa asubuhi hiyo Prisca aliuma ndizi. Ghafla akaweka mkono mdomoni.

"Bibi, jino langu!"

Kipande cha jino kilikuwa kiganjani mwake. Bibi akakitazama, akaitazama na ndizi. Ilikuwa ndizi ya kuchemsha, laini, hata kibogoyo angeila.

"Ni maji tu," alijituliza. Huku Meru watu wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya maji. Bibi mwenyewe anayo, na mama yake alikuwa nayo. Ndiyo maana meno ya Prisca hayakumshangaza mtu.

Lakini moyo haukutulia. Bibi ana miaka sabini, na meno yake ya kahawia bado yanamenya muwa. Tena hapa Abdiel hakuwepo. Jino limevunjika mbele ya macho yake mwenyewe.

Kesho yake walikuwa kliniki ya meno mjini. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenyeji wa Terrat, jina lake Nashipae.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nitazamie huyu. Maji yetu yamemharibia meno."

Nashipae alimulika kinywa cha Prisca kwa tochi. Alitazama jino moja moja, kisha akamgeukia Bibi.

"Na wewe bibi, hebu fungua mdomo."

"Mimi? Mgonjwa si huyu!"

"Fungua tu."

Bibi akafungua. Prisca akacheka mpaka akashika tumbo.

"Meno yako yana madoa ya floraidi, madini yaliyomo kwenye maji," alisema Nashipae. "Yana madoa, lakini ni magumu. Ya Prisca ni mengine. Yana rangi ya kijivu na kahawia, mwanga unapita, na yamelika mpaka yamekuwa mafupi. Bibi, mtoto huyu amewahi kuvunjika mfupa?"

Bibi akahesabu kwa vidole. "Mara tatu."

"Na weupe wa macho yake una bluu kwa mbali. Umewahi kuuona?"

"Nimeuona. Nilijua ni uzuri wake tu."

Nashipae akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Bibi, kuna ugonjwa ambao mtu huzaliwa nao. Si wengi wanaoupata. Mifupa huvunjika kwa kitu kidogo tu. Kwa baadhi ya watoto, meno nayo huwa dhaifu. Nahisi Prisca anao. Daktari wa mifupa atampima tuwe na hakika."

"Ina maana hakuna aliyempiga?"

"Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kuvunjika hata akijikwaa kidogo."

Bibi alishika kichwa. "Mungu wangu! Nimemfanya nini mtoto wa watu!"

Nashipae alimwacha atulie, kisha akamuuliza kuhusu mswaki. Bibi alisema aliacha kumpigisha mtoto mswaki, akiogopa meno yasije yakakatika.

"Hapo umekosea, bibi. Meno dhaifu ndiyo yanahitaji mswaki zaidi. Tumia mswaki laini na dawa ya meno kidogo, asubuhi na kabla ya kulala, kwa mkono mwepesi. Soda na pipi, punguza sana. Usimng'oe jino kwa uzi nyumbani. Magego yake tutayavalisha kofia ndogo za chuma, yasiendelee kulika. Na mrudi kila miezi sita."

"Na akiumwa kitu kingine?"

"Kila daktari mwambieni habari ya mifupa kabla hajamgusa. Akipewa dawa ya mifupa, na sisi mtuambie."

"Nimbebeje sasa? Naogopa."

"Usimvute mikono. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni."

Baada ya wiki mbili daktari wa mifupa alithibitisha. Ni ugonjwa ule ule. Bibi hakurudi mlimani. Alinyoosha moja kwa moja Levolosi na mjukuu wake.

Abdiel alikuwa anapiga randa. Alipowaona, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Prisca, nimekukosea. Hukumpiga mtoto. Ni ugonjwa wa kuzaliwa. Nisamehe, baba."

Abdiel akaketi juu ya mbao, machozi yakamtoka. "Mama, nilishaanza kujiogopa mwenyewe. Nilisema labda kweli mkono wangu ni mzito. Nikaacha hata kumbeba."

"Simama," alisema Bibi. "Mkono mmoja hapa. Mwingine hapa." Akamweka Prisca mikononi mwake.

Miezi sita ikapita. Prisca anaishi kwa wazazi wake. Magego yake yanang'aa, anatafuna viazi na nyama laini bila kulia. Mswaki anadai mwenyewe, tena ole wake atakayeusahau!

Jumapili moja Bibi alipeleka mkungu wa ndizi kanisani, sadaka ya shukrani. Alisimama mbele na Abdiel, Esther na Prisca.

"Namshukuru Mungu, namshukuru na daktari aliyetazama meno akaona mifupa," alisema. "Neno baya nililitembeza mwenyewe, na leo nalirudisha. Mkwe wangu hajawahi kumpiga mtoto huyu. Tulisema lisemwalo lipo. Jamani, hili halikuwepo."

Akina mama wakapiga vigelegele. Abdiel akamwinua Prisca mbele ya watu wote, mkono mmoja chini, mwingine mgongoni.