Mlango wa Sitaha ya Chini

Fundi alitoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo jioni kwenda kutafuta ubao. Ubao mwembamba tu, wa urefu wa mkono. Mkewe alimwambia duka la mbao litakuwa limeshafungwa, naye akajibu kwamba atawahi. Hakuwahi. Alikuta kufuli limening'inia mlangoni, na nje pamebaki unga wa msumeno tu.

Mtaani walimwita Fundi, basi. Miaka zaidi ya thelathini alitengeneza redio, na watu walipoacha kuleta redio zao, alibaki na chumba kilichojaa waya na mikono isiyojua kukaa bure. Ndipo akaanza meli. Haikuwa meli ya kuchezea. Ilikuwa mfano kamili wa ile meli ya zamani ya mvuke iliyovusha watu ziwani, yenye magurudumu mawili makubwa ubavuni, kila gurudumu limezungukwa na vibao vya kupiga maji. Kila mita moja ya meli ile aliifanya sentimita mbili, mita sitini zikawa sentimita mia moja na ishirini, meza nzima. Tumboni aliipa mota mbili, betri na kipokezi cha mawimbi, ili aiendeshe kwa rimoti akiwa amesimama ukingoni. Majirani walitania kwamba Fundi anataka kuhama nchi lakini ameogopa foleni ya tiketi. Alicheka nao. Hakuna aliyemuuliza kwa nini meli ile na si nyingine.

Walijua.

Meli ile ilizama miaka ishirini na moja iliyopita, na ndani yake alikuwamo binti yake wa pekee, wa miaka tisa, ambaye kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki walimpa jina la Chiriku. Alikuwa anakwenda likizo kwa shangazi yake, ng'ambo. Fundi mwenyewe ndiye aliyempandisha. Mtoto alitaka kukaa juu ayaone magurudumu yakizunguka, lakini alikuwa na kikohozi, na upepo ulikuwa mkali. Fundi akamwambia, "Kaa chini, mwanangu. Juu kuna baridi."

Ndilo neno la mwisho alilomwambia. Hata mwili haukupatikana.

Sasa alisimama mbele ya duka lililofungwa, giza linaanza kuingia, akawa anajilaumu kwa kuchelewa. Kisha akasikia harufu. Tope... tope la zamani, lililolala chini ya maji bila kuliona jua.

Aligeuka. Kando ya ukuta palikuwa na mtu mrefu ndani ya koti zito la kizamani, vifungo vya shaba vimefungwa mpaka shingoni. Kwapani alibana ubao mweusi.

"Unatafuta sitaha," yule mtu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu mwenye maji kifuani.

Fundi hakuwa amemwambia mtu yeyote ubao ulikuwa wa nini. Aliuliza bei, mtu yule akatikisa kichwa na kumkabidhi. Ubao ulikuwa wa baridi, na mzito kuliko ulivyoonekana. Fundi aliuangalia kidogo tu, akainua macho ashukuru.

Hapakuwa na mtu. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na dimbwi la maji, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Mwingine angeutupa ubao ule papo hapo na kutimua mbio. Fundi aliukumbatia kifuani mpaka nyumbani. Moyoni alijua umetoka kwenye meli gani, na kwa sababu hiyohiyo asingeweza kuutupa.

Aliupasua vipande vyembamba kama njiti, akavipanga kimoja kimoja, akavipiga msasa mpaka vikalainika. Chumba kizima kikanuka tope. Milango ya juu ya meli aliiwekea bawaba za waya, ikawa inafunguka na kujifunga kama ya kweli. Mlango wa sitaha ya chini, ule wa nyuma ya gurudumu la kushoto, aliuchora tu. Alikwaruza mistari ubavuni, akapaka rangi, akaweka nukta nyeusi kuwa tundu la ufunguo. Nani angeinama kuuangalia?

Mkewe hakuwa akiingia chumba kile. Alikuwa mshonaji wa mapazia, na cherehani yake ilikaa sebuleni, ukuta mmoja tu kati yao. Tangu meli ilipoanza kupata umbo, alikuwa akishona amekipa chumba mgongo. Aliwahi kusema mara moja tu kwamba yeye hataki kuiona meli ile hata ikiwa ndogo kama kiberiti.

Kulikuwa na bwawa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichokufa, pale walipokuwa wakichimba udongo zamani. Huko ndiko Fundi alikoijaribu. Siku ya kwanza alisahau hata umri wake. Alibonyeza rimoti, magurudumu yakaanza taratibu, chapa... chapa... chapa, meli ikateleza mpaka katikati, ikageuka, ikamrudia. Alilia peke yake ukingoni, akajifuta kwa mkono wenye gundi.

Siku ya tatu aliona kitu. Mstari mwekundu aliouchora kuonyesha usawa wa maji ulikuwa umezama. Aliitoa meli, akafungua kifuniko cha juu, akaingiza vidole. Ndani kukavu. Nyumbani alipanda kwenye mizani akiwa ameibeba, kisha akapanda bila meli, akatoa hesabu. Meli ilikuwa na kilo tisa alipoimaliza. Sasa kumi na moja.

Kesho yake, kumi na tatu.

Keshokutwa aliposhika rimoti, meli haikumsikiliza. Aliipa kulia, ikaenda kushoto. Akazima kabisa, akatoa hata betri za rimoti. Magurudumu yakaendelea. Chapa... chapa... chapa. Ilikwenda mpaka katikati ya bwawa, ikasimama, ikaanza kulalia ubavu.

Ubavu wa kulia, kama ile ya kweli.

Kisha hewa ikabeba ile harufu.

Mtu wa koti alikuwa kando yake, karibu kiasi cha kugusana mabega. Hakumwangalia Fundi. Aliangalia meli. Koti lilikuwa linadondosha maji, tone, tone, ingawa ardhi chini yake ilikuwa vumbi tupu.

"Ufunguo ulikuwa kwangu," alinong'ona.

Fundi hakuweza hata kugeuza shingo. Mtu yule akaeleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu, kwamba meli ilipoanza kulala, watu wa chini walitaka kupanda wote kwa mpigo. Ikaonekana uzito ukihamia juu, meli itapinduka. Akaambiwa afunge mlango kwa muda, mpaka itulie. Akafunga. Haikutulia.

"Wamo humo," alisema. "Umewajengea, wamekuja. Lakini mlango umeuchora tu, Fundi. Ufungue."

Fundi alipopata nguvu ya kugeuka alikuwa peke yake, na meli ilikuwa imekuja yenyewe mpaka miguuni pake.

Alirudi nyumbani mbio kadiri magoti yalivyomruhusu. Aliiweka meli mezani, akachukua msumeno mdogo wa chuma, akaweka meno yake juu ya mstari wa rangi. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Alivuta pumzi.

Ko-ko.

Kimya.

Ko.

Msumeno ulimtoka mkononi. Mbili za haraka, kimya, moja. Ndivyo Chiriku alivyokuwa akibisha mlango wa chumba hikihiki, akitaka kuingia kuchezea sumaku za spika. Hakuna mwingine duniani aliyebisha hivyo.

Aliinama, akaweka sikio ubavuni mwa meli. Mbao zilikuwa za baridi. Ndani, mbali sana, kulikuwa na mnong'ono wa watu wengi, kama ukumbi kabla ya mkutano kuanza. Na karibu kabisa na sikio lake, mtoto alikohoa.

Hakuuokota msumeno.

Alijiambia ataufungua mlango kesho. Kesho ikafika, akajiambia tena kesho. Akifungua, wataondoka, naye mtoto ataondoka nao. Asipofungua, angalau ana mlio wa vidole vyake. Kwa hiyo alikaa naye. Alfajiri na jioni alijifungia, akamsimulia habari za miaka ishirini na moja, mbwa wa jirani alivyokufa, shule yake ilivyopakwa rangi. Mtoto alipobisha, naye Fundi alibisha. Uzito ukapanda. Kumi na tano. Kumi na nane. Meza ikaanza kupinda katikati. Na usiku, ule mnong'ono ukageuka kilio, watu wazima wanakwaruza mbao kwa kucha, naye Fundi akawa anaziba masikio, akisubiri wanyamaze ili amsikie mtoto mmoja tu.

Siku ya nane, saa kumi na moja jioni, cherehani ya sebuleni ilinyamaza ghafla. Mlango wa chumba ukafunguka. Mkewe alikuwa amesimama na kipande cha pazia mkononi.

Wakati huohuo, meli ikabisha. Mbili. Kimya. Moja.

Pazia lilianguka. Mama yule hakupiga kelele. Alikuja mpaka mezani, akaweka kiganja ubavuni mwa meli kama anayepima homa, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ni tangu lini. Fundi alimweleza yote, ubao, mtu wa koti, mlango. Zile siku nane alizisema akiangalia msumeno sakafuni.

"Siku nane anabisha," mkewe alisema, "na wewe umekaa hapa unamsikiliza."

"Nikifungua ataondoka, mama."

"Baba Chiriku." Miaka mingi hakuwa amemwita hivyo. "Yule wa kwanza aliambiwa afunge. Wewe umeambiwa na nani?"

Mkewe aliokota msumeno, akauweka mkononi mwa Fundi, akaufunga mkono ule kwa mikono yake miwili. Walikata pamoja. Meno ya msumeno yalipita juu, yakashuka kushoto, yakashuka kulia. Mle ndani kukawa kimya. Kimya cha watu waliozuia pumzi.

Kibao kidogo, kisichozidi kidole gumba, kilianguka sakafuni.

Maji yakatoka.

Yalianza kama uzi, yakawa kama bomba, yakamwagika mezani na sakafuni, ndoo na ndoo, meusi, ya baridi ya kukata mifupa. Meli ile isingeweza kubeba hata jagi moja. Taa ilififia. Kisha juu ya sakafu, pale maji yalipokuwa membamba, nyayo zikaanza kujichora. Moja. Kumi. Viatu vya wanaume, visigino vya wanawake, miguu mitupu. Zilipita kati yao wawili, na kila iliyopita iliacha ubaridi kwenye ngozi, kama mtu anapokupita mlangoni. Zilivuka sebule, zikatoka barazani, zikaenda.

Fundi alikaa chini ndani ya maji. Mkewe alichukua tochi, akazifuata nyayo nje. Alikaa huko mpaka giza likashika. Aliporudi, gauni lake lilikuwa limelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na uso wake umetulia kwa namna ambayo Fundi alikuwa ameisahau. Alisema nyayo zilifika barabarani zikatawanyika, kila moja na njia yake, kama abiria walioshuka.

Fundi alimuuliza kama aliziona za mtoto.

"Niliziona," alisema. "Ameondoka. Pumzika sasa."

Walikausha nyumba mpaka usiku wa manane. Meli ilirudi kuwa na kilo tisa. Fundi hakuipeleka tena bwawani. Aliifunika kwa shuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alilala bila kuota maji. Mtu wa koti hakuonekana tena, na mtu aliyelala kwa amani haulizi maswali mengi.

Yalikuja yenyewe, taratibu. Kile chumba kidogo cha nyuma, kilichokuwa cha Chiriku na baadaye cha kuwekea vitambaa, mkewe alikuwa amekitia kitasa kipya. Alisema panya wanakula vitambaa. Kila asubuhi kulikuwa na taulo moja kwenye kamba, limelowa, linadondosha maji, kabla mtu yeyote hajaoga. Mkewe alianza kupika zaidi. Sukari ilikwisha haraka. Na mchana, cherehani inaponyamaza, aliimba kwa sauti ya chini.

Jioni moja Fundi alipita kwenye ukumbi akitoka kunawa mikono. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa, ufunguo uko shingoni mwa mkewe, na mkewe yuko jikoni, anamsikia akipanga sahani.

Nyuma ya mlango, kitu kilibisha. Mbili. Kimya. Moja.

Jikoni, sahani zikanyamaza. Fundi aliinua macho, akamkuta mkewe amesimama mwisho wa ukumbi, mkono umeshika ufunguo, anamwangalia. Machoni mwake hamkuwa na hasira. Alikuwa anamwomba.

Chini ya mlango, maji yalianza kujipenyeza, uzi mwembamba, mweusi.

Fundi alirudi nyuma hatua moja, akachukua taulo kwenye msumari, akapiga magoti, akaliziba pengo la chini ya mlango, vizuri, kona hadi kona.

"Kuna baridi," alimwambia mkewe. Kisha wakaenda kula.