Mjusi wa Nchi Kavu

Mama mmoja aitwaye Sikujua aliamka, akaswali, akawasha jiko. Alikaanga vitumbua vya kuuza mbele ya nyumba yake, hapo Kibiti, karibu na barabara ya Lindi. Mumewe, Mudathiri, alifunga robota la mitumba. Miaka hiyo ya themanini nguo za nje zilikuwa zimeruhusiwa, naye alizitembeza sokoni.

Kabla wateja hawajafika, Sikujua alikuwa na kazi moja zaidi. Alimwagia maji kasha la mjusi.

Kasha lilikuwa la mbao, lenye kioo mbele na wavu juu. Ndani aliishi mjusi wa manjano mwenye madoa meusi, urefu wa shibiri moja. Aliletwa na Hemedy, mdogo wake Mudathiri, baharia wa meli za mizigo. Alimpata Karachi kwa mtu anayewafuga. Hemedy alimwita "mjusi-chui" kwa madoa yake. Siku ya kurudi melini alisema, "Shemeji, huyu ni amana. Baada ya miezi mitatu nimkute mzima." Hakueleza zaidi. Basi lilikuwa linapiga honi.

Sikujua alizaliwa bondeni, ukingoni mwa Rufiji. Mjusi mkubwa aliyemjua ni kenge, na kenge hupenda maji. Basi alijaza kasha tope, akapanda miche ya mpunga, akaweka wali na dagaa. Aliamini amemjengea mgeni nyumba nzuri.

Mwezi mzima ulikuwa umepita sasa. Mjusi hakula. Mkia wake, uliokuwa mnene kama kidole gumba, ulikonda ukawa kama njiti. Ngozi ya zamani ilimganda vidoleni.

"Na afe," alisema Mudathiri. "Mjusi anauawa, hafugwi."

"Baba Hafsa, usiseme hivyo. Nilimpokea kwa mikono yangu miwili. Nikishindwa amana ya shibiri moja, nani ataniamini tena?"

Asubuhi hiyo Kudra alikuja kununua vitumbua. Kudra alikuwa jirani, Mmatumbi wa milimani. Alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam, katika ua wa mfanyabiashara aliyesafirisha vinyonga na guruguru kwenda nje. Aliinama, akachungulia kasha, akacheka.

"Mtani wangu, huyu mjusi umemtuma kulima mpunga?"

"Nimemwekea maji. Mjusi si anapenda maji?"

"Kenge ndiye anapenda maji. Nyie watu wa bondeni mnadhani dunia nzima inafurika."

"Na nyie wa milimani mnajua nini?"

"Tunajua mawe. Na huyu kwao ni mawe, nchi kavu. Tajiri wetu alikuwa nao wawili. Wa kwanza tulimuua sisi wenyewe kwa unyevu. Wa pili tulijifunza, akaishi. Mtoe humo leo hii."

Sikujua aliacha karai. Walimwaga tope, wakaosha kasha, wakalianika juani mpaka likakauka kabisa.

"Chini niweke mchanga?" aliuliza Sikujua.

"Hapana. Akimeza mchanga pamoja na chakula, tumbo linafunga. Tandika karatasi. Ikichafuka, itupe."

Kudra alichukua nusu tofali la kuchoma, akaliweka kando ya jiko. Lilipopata moto alilifunga gunia, akaligusa kwa mgongo wa mkono. "Likikuchoma wewe, litamchoma na yeye. Liweke chini ya kasha, upande mmoja tu. Upande wa pili uache uwe baridi. Achague mwenyewe. Likipoa, lirudishe jikoni, hasa miezi hii ya kipupwe."

Walikata mlango kwenye vifuu viwili vya nazi. Kimoja kikakaa upande wa joto, kingine upande wa baridi, apate pa kujificha mchana. Kisha Kudra alichukua kigae cha chungu, akaweka chini yake makumbi ya nazi yaliyoloweshwa.

"Si umesema hataki maji!" alidakia Sikujua.

"Anataka unyevu mahali pamoja tu, wa kumsaidia kujivua ngozi. Na maji ya kunywa kwenye kisosi. Siyo gharika."

Walimpangusa vidole taratibu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Ngozi ya zamani ikatoka.

"Chakula?"

"Panzi na nyenje, wakiwa hai. Wawe wadogo, wasizidi nafasi kati ya macho yake. Usiokote kwenye mikorosho iliyopigwa dawa. Wapake unga wa maganda ya mayai uliosagwa laini, apate mifupa."

Sikujua aligeuka kwenda kwenye karai. Kudra akamshika kanga.

"Wewe! Umeshika mjusi, sasa unakwenda kushika unga? Nawa kwa sabuni. Mjusi ana vijidudu vya kuharisha. Vitumbua hivyo nakula mimi."

Siku nne mjusi hakutoka kwenye kifuu. Sikujua alipasha tofali, akabadilisha maji. Siku ya tano, jua linazama, kichwa kilitokeza. Mjusi akamwona panzi. Ncha ya mkia ikatikisika, mjusi akaruka, akamla.

"Baba Hafsa! Njoo uone! Amekula!"

Mudathiri alikuja, akatazama. "Mjusi hafugwi," alisema. Lakini kesho yake alirudi kutoka sokoni na nyenje sita kwenye mfuko wa koti la mtumba.

Mkia ulinenepa. Mjusi akajivua ngozi yote kwa siku moja, madoa yaking'aa.

Miezi mitatu ilipokwisha, Hemedy alishuka kwenye basi, amekumbatia kasha jipya la kioo. Alimtazama mjusi, akacheka kwa furaha.

"Ahsante, shemeji! Mpaka amekushinda wewe kwa unene! Nipe amana yangu nimweke kwenye nyumba mpya."

Sikujua alichungulia kasha la Hemedy. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe wa pwani, mwingi, umesawazishwa vizuri. Akasimama mbele ya mjusi, mikono kiunoni.

"Simtoi."

"Shemeji, ni wangu!"

"Ni wako. Lakini amana hairudishwi mahali itakapokufa. Mwaga huo mchanga, kisha ukae hapa nikufundishe."

Hemedy alimtazama kaka yake. Mudathiri alikuwa anatazama barabarani, anajizuia kucheka. Hemedy akabeba kasha mpaka uani, akamwaga mchanga wote, akarudi na kuketi mkekani.

"Haya, shemeji," alisema. "Naanza na nini?"

"Unaanza kwa kunawa mikono," alijibu Sikujua.