Rangi Kwanza au Gundi Kwanza?

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi wenye akili timamu walikimbilia nyumbani kula. Wale wa chama cha ufundi walikimbilia chumba cha nyuma ya maktaba, wakavaa aproni na kuinamia meza zilizojaa harufu ya gundi. Humo waliunga magari, meli na ndege ndogo za plastiki. Vipande vingine vilikuwa kama punje ya mchele; ukipiga chafya, umepoteza usukani.

Meza ya dirishani ilikuwa ya Sindano na Kifaru. Sindano alipewa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Kifaru, mvulana wa mabega mapana, alikuwa mtoto wa mjomba wake, aliyeletwa kuishi kwao ili awe karibu na shule. Walilala nyumba moja, wakala chakula kimoja, na hawakuelewana hata juu ya kufungua dirisha.

Mwalimu wa ufundi alikuwa mama mmoja mkavu. Wanafunzi walimwita Msasa, kwa siri bila shaka, maana akikusemesha unajigusa kuona kama ngozi bado ipo. Ndiye aliyewapa gari la zimamoto waliunge pamoja, liwekwe kwenye kabati la vioo la maktaba.

"Sikuwaweka pamoja ili mpendane," aliwaambia. "Nataka gari liishe. Na sheria yangu mnaijua: anayeharibu mara mbili anavua aproni, anaenda kucheza mpira."

Hata boksi halijafunguliwa vizuri, vita ikaanza. Vipande vilikuja vimeshikana kwenye fremu ya plastiki, kama matunda kwenye kikonyo. Sindano alitaka vipakwe rangi vikiwa humo humo kwenye fremu. Kifaru alitaka gari liungwe lote kwanza, ndipo lipakwe.

"Kioo kidogo hivi utakishikaje ukipake?" Sindano aliuliza. "Kwa hizo ndizi ulizoziotesha mikononi?"

"Na wewe ukishakikata kwenye fremu, pale kilipokatwa patabaki peupe. Upake tena! Kazi mara mbili. Lakini wewe unapenda kuonekana unafanya kazi."

"Afadhali kuonekana kuliko kujificha nyuma ya tumbo."

"Toka hapa!"

"Toka wewe, kwetu siyo kwenu!"

Neno hilo lilimwingia Kifaru. Wakagawana kazi kwa hasira. Kifaru akachukua bodi na kibanda cha dereva. Sindano akachukua vitu vidogo: taa, ngazi na vioo vya pembeni. Kisha wakapeana migongo.

Kifaru alikuwa wa kwanza kuumbuka. Aliunga kibanda chote, kiti na usukani vikiwa ndani, akafunga na paa. Gundi ilipokauka akashika brashi apake kiti. Atakifikiaje? Dirisha lilikuwa dogo kuliko brashi. Akaisukuma hivyo hivyo, rangi nyeusi ikasambaa kwenye kioo cha mbele.

"Dereva wako amejaza moshi?" wenzake wakacheka. "Zimamoto linaungua lenyewe!"

Msasa akatazama, akasema maneno mawili tu: "Hilo moja."

Sindano alifurahi mpaka njaa ikamtoka. Vipande vyake viling'aa kwenye fremu kama vito. Alikuwa amepaka kila mahali, juu, chini, mpaka vile vijiti vidogo vya kuchomekea kwenye bodi. Hakuacha doa.

Siku ya kuvibandika, Kifaru ndiye aliyeshika gundi. Akabandika kioo. Kikaanguka. Akakirudisha, akakishikilia mpaka jasho likamtoka. Alipoachia tu, kikaanguka tena. Ngazi nayo ikateleza, ikang'oka na utando wa rangi.

"Unaona mikono yake, Mwalimu?" Sindano alisema kwa sauti, chumba kizima kisikie. "Nimempa vitu vizima, anavibomoa."

"Sijafanya kitu," Kifaru alisema. "Havishiki tu."

"Kibanda pia hakikushika?" Msasa alimwuliza. "Hilo la pili. Vua aproni."

Kifaru akaivua. Masikio yalikuwa yamemwiva. Alipopita mlangoni, mmoja akampigia kelele za king'ora, na wote wakaangua kicheko. Hakurudi nyumbani kupitia uwanjani, maana hakutaka kuulizwa mbona ametoka mapema.

Sindano akabaki na gari. Alifurahi, ila furaha yenyewe haikukaa. Alichukua ngazi, akaigeuzageuza, akauparua mguu mmoja kwa wembe mpaka plastiki tupu ikaonekana. Akatia gundi. Mguu ukashika kama umezaliwa pale. Akajaribu mguu ambao hakuuparua. Ukabanduka, gundi imeshika rangi na rangi imeachia plastiki.

Basi akaelewa. Kosa halikuwa la mikono ya Kifaru. Lilikuwa la brashi yake mwenyewe. Akatazama huku na huku, akaparua vijiti vyote kimyakimya, akabandika kila kitu.

Sindano alipofika nyumbani, mama yake, fundi cherehani, alikuwa akitia uzi kwenye mashine. "Kifaru, mbona leo umemtangulia mwenzako?"

"Nimefukuzwa, Shangazi. Nimeharibu vioo."

Sindano alikuwa pale pale. Angeweza kusema. Akaomba maji.

Kesho yake Msasa alilizungusha gari mkononi, akatikisa ngazi kwa kidole. Imara. "Umefanyaje?"

Wenzake wote walikuwa wakisikiliza. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, umeshatafunwa: nimebandika kwa makini tu, Mwalimu. Lakini macho yake yakaenda kwenye kiti kitupu cha dirishani, uongo ukakwama.

"Nimeparua rangi," alisema. "Nilikuwa nimepaka hata panapokaa gundi. Kifaru hakuharibu vioo. Niliharibu mimi. Nilijua tangu jana."

Msasa akaweka gari chini polepole, na hapo ndipo watu huogopa zaidi.

"Kupaka vibaya ni kosa la kwanza," alisema. "Kumwacha mwenzako afukuzwe ni la pili. Nenda ukamlete. Halafu aproni yako uivue."

Kifaru aliletwa, akaelezwa yote. Alimtazama Sindano akivua aproni, akakunja uso.

"Mwalimu, huyu akitoka, kibanda nitakipaka na nani? Inabidi nipasue paa, na kule ndani vidole vyangu haviingii."

"Unamtetea?"

"Simtetei. Hata simpendi. Nasema kazi itaharibika."

Msasa alikaribia kucheka, akajizuia haraka. "Sindano, vaa tena aproni. Ila wiki hii yote utafagia chumba peke yako. Kifaru, pasua paa."

Likapasuliwa. Sindano akapaka kiti na usukani, Kifaru akifuta kioo cha mbele, wakitukanana kwa sauti ya chini. Kabla paa halijarudi, Msasa akawasimamisha.

"Mligombana rangi kwanza au gundi kwanza. Wote mlikosea, kwa sababu kila kipande kina wakati wake. Brashi haitafika baadaye? Paka kabla hujafunga. Ni kidogo hakishikiki? Paka kwenye fremu, uache wazi panapokaa gundi, na palipokatwa uguse rangi mwishoni. Ni kikubwa na kina maungio? Unga, lainisha, ndipo upake." Akamgeukia Sindano. "Lakini ukweli hauna hesabu hizo. Ukishaujua, wakati wake ni hapo hapo, kabla mwenzako hajafika mlangoni."

"Ndiyo, Mwalimu."

Sindano akasogea karibu na Kifaru. "Nisamehe. Na ile ya kwetu siyo kwenu, nisamehe pia."

Kifaru alipaka gundi ukingoni mwa paa, hakuinua kichwa.

"Shika huku," alisema. "Na usitikisike, nitakufinya."

Sindano akashika.